Nyumba za Kale Kuwa Malazi ya Wageni: Mambo Yanayomhusu Mwenye Nyumba na Mkazi wa Kata

Mgeni anayeutembea mwambao wa kaskazini, kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Pangani na Tanga, hukuta mengi ya kutazama. Upo mto unaoanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho maji yakijaa sana hutoweka na yakitoka hurudi kuwa fungu la mchanga mweupe. Ipo mbuga ya Saadani, ambako wanyama wa porini hufika karibu na ufuko. Lakini ikifika jioni, wengi wa wageni hao hawalali katika mji wa Pangani. Hulala katika hoteli za ufukweni, Ushongo na kwingineko, na mji wa kale huupita kwa saa moja au mbili: hupiga picha ya Boma, hutazama kivuko kikivuka kwenda Bweni, kisha huondoka. Fedha ya kitanda na ya chakula cha usiku huwa imekwisha kulipwa mahali pengine.

Wakati huohuo, nyumba za mawe zilizo nyuma ya barabara ya mto zinazidi kuchakaa. Baadhi zimepoteza paa, baadhi zimeota mizizi ya miti ukutani, na nyingine zina watu ndani wanaolala chini ya dari iliyopinda. Ni jambo la hatari kabla ya kuwa jambo la utalii. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, iliporomoka ilhali kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba lenye jina kubwa kiasi kile liliweza kuanguka mbele ya mafundi, nyumba isiyo na jina katika kichochoro haina sababu ya kungojewa.

Makala haya yanaeleza namna nyumba ya kale inavyoweza kutengenezwa ikawa malazi ya wageni, sheria inavyosema, na mitego iliyopo njiani.

Kwa nini nyumba hizi zipo

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, watumwa walipitishwa hapa, na katika mashamba ya kandokando ya mto watumwa walilimishwa miwa na sukari yake ikasafirishwa kwa majahazi. Utajiri huo, ambao sehemu kubwa yake ulitokana na jasho la watu wasiolipwa, ndio uliojenga majumba. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1888 na 1889, alinyongwa hapa Pangani Desemba 1889. Miaka michache baadaye, mwaka 1893, miche ya mkonge aliyoiagiza Richard Hindorf kutoka Florida ilipandwa Kikogwe. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa ilifika hai 62 tu, na kutoka hiyo zao zima likaenea nchini.

Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ilipofika Moshi mwaka 1911 biashara ilikuwa imekwisha kuhama, na Pangani ikabaki mji mdogo. Hasara hiyo ndiyo iliyozihifadhi nyumba. Mahali ambapo fedha ilikuwa nyingi, majengo ya zamani yalivunjwa yakajengwa mapya. Hapa hapakuwa na fedha ya kuvunjia. Leo hali inabadilika. Ujenzi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo pamoja na daraja la Mto Pangani unauweka mji huu tena njiani, na thamani ya viwanja huwa haingojei lami ikauke.

Waliotangulia

Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ndio mfano ulio karibu. Hoteli ya Serena, iliyofunguliwa mwaka 1997, imo ndani ya jengo lililokuwa la mawasiliano ya simu pamoja na nyumba jirani iliyojulikana kuwa ya madaktari wa Kichina. Hoteli ya Tembo ina sehemu iliyokuwa ubalozi mdogo wa Marekani katika karne ya 19. Mbali na hizo kubwa, zipo nyumba nyingi za vyumba vichache ambamo mgeni hulala katika kitanda cha semadari, chini ya boriti, na asubuhi hunywa chai juu ya paa akitazama mabati na minara ya mji. Hoteli mpya yenye kiyoyozi na vigae vinavyong'aa ataipata katika mji wowote duniani. Anachokifuata huku ni ukuta mnene, mlango wa nakshi na sauti ya mtaa.

Lamu, iliyotiwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2001, ina somo la namna mbili. Huko nyumba za kale hukodishwa nzima, na wapishi, manahodha na mabawabu ni wenyeji. Mafundi wa chokaa na wachonga nakshi wamepata kazi ambayo ingekwisha sahaulika. Lakini katika kijiji cha Shela nyumba nyingi zilinunuliwa na watu wa Ulaya, bei zikapanda, na vijana waliozaliwa mitaa ileile wakashindwa kupata mahali pa kujenga. Nyumba zimepona, je, mtaa umepona? Swali hilo linafaa kuulizwa Pangani sasa, kabla ya saini ya kwanza.

Ukuta unaopumua

Anayetaka kukarabati nyumba ya mawe hana budi kwanza kujua ilivyojengwa, kwa maana mtu mwenye nia njema na mifuko ya saruji ameua nyumba nyingi kuliko mvua.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yenye umbo lolote, yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Unene wake hufikia nusu mita au zaidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga magogo duara, kurundika vipande vya matumbawe juu yake, na kuchoma mpaka jiwe likageuka unga. Baada ya hapo unga ulimwagiwa maji na kuachwa ulale kwa muda mrefu. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, juu yake vipande vya mawe, na juu ya vipande hivyo tabaka nene la chokaa lililopigwapigwa kwa vijiti siku nyingi hadi likakaza. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, nao hauzidi sana mita tatu.

Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mvua hupiga upande wa nje, umande wa bahari huingia na chumvi yake, kisha jua na upepo huvuta vyote hivyo vikatoka kupitia plasta ya chokaa, ambayo ni laini na yenye matundu madogo yasiyoonekana. Plasta huchakaa, nayo hupakwa upya. Imewekwa pale ichakae badala ya jiwe.

Saruji haifanyi hivyo. Ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe hung'aa kwa mwaka mmoja au miwili, lakini maji yaliyo ndani hukosa njia. Hupanda juu zaidi, hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyomo ukutani, na boriti huanza kuoza mahali ambapo hapaonekani. Chumvi nayo hujikusanya nyuma ya saruji, hukauka ikawa fuwele, na fuwele zikikua husaga jiwe na udongo uliolishika. Siku saruji inapobanduka hutoka na uso wa ukuta. Zege lenye nondo juu ya paa ni baya vilevile: ni zito kuliko dari ya zamani, na hewa ya bahari hutia nondo kutu, nondo hutanuka, na zege hupasuka.

Kosa la pili hutokana na wageni wenyewe. Kila mgeni hutaka bafu chumbani. Nyumba za zamani ziliweka maji mahali pamoja, chini, kwa sababu waliozijenga walijua udhaifu wake. Mwekezaji anapotia bafu katika kila chumba cha ghorofa, bomba moja linalovuja polepole ndani ya ukuta hufanya kazi ya masika kumi. Ushauri unaotolewa na wahifadhi ni kuweka mabafu yote upande mmoja wa nyumba, yakiwa yamepangana juu na chini, mabomba yapite nje ya ukuta yanapoonekana, na tangi la maji lisimame juu ya nguzo zake lenyewe, si juu ya dari. Maji ya kiyoyozi yasiachwe kutiririka ukutani. Kwa kweli nyumba yenye kuta nene na madirisha yanayotazamana mara nyingi hutosheka na feni na chandarua.

Vifaa vina sheria zake. Kuvunja matumbawe hai baharini ni kosa. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na boriti hazikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mwenye nyumba anayenunua boriti au chokaa barabarani bila stakabadhi hujiweka mahali pa mshitakiwa.

Sheria inavyosema

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda kila jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mamlaka ya kutangaza katika Gazeti la Serikali majengo mengine ya baadaye yenye thamani ya kihistoria. Mmiliki hubaki mmiliki. Ila hana ruhusa ya kulibomoa, kulibadili wala kuliongeza bila kibali cha maandishi cha mamlaka ya mambo ya kale. Kibali cha ujenzi cha Halmashauri hakichukui nafasi ya kibali hicho, na kibali hicho hakichukui nafasi ya cha Halmashauri. Vinahitajika vyote viwili.

Sheria hiyohiyo inalinda milango. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinachohifadhiwa, na kuuza au kukitoa nje ya nchi kunahitaji leseni. Wanunuzi wa milango hupita mitaani wakiwa na fedha mkononi, hasa kwa wajane na kwa warithi waliobaki peke yao nyumbani. Bei wanayotaja huonekana kubwa siku ile. Ukiondolewa mlango, nyumba hupoteza kile ambacho mgeni angelipa kukitazama kila mwaka, na zaidi ya hayo ukuta ulio juu ya kizingiti hupoteza kilichokuwa kikiushika.

Kwa upande wa biashara, nyumba ya kulala wageni, hata ya vyumba viwili, inahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara, ukaguzi wa afisa afya na leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Maombi ya leseni ya biashara hupitia mfumo wa TAUSI; asiye na simu ya kisasa husaidiwa na ofisi ya biashara ya Halmashauri. Daftari la wageni liandikwe kila siku bila kuruka, kwa sababu za usalama na kwa sababu ushuru wa malazi hukokotolewa kutoka humo. Wapo wanaodhani kwamba kumlaza mgeni anayelipa katika chumba cha uani si biashara. Ni biashara.

Warithi na mikataba

Vikwazo vyote hivyo ni vyepesi vikilinganishwa na kimoja: nyumba nyingi za kale hazina mwenyewe mmoja. Babu alifariki bila wosia, watoto wake wakafariki bila kugawana, na sasa wajukuu wako Pangani, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Anayekaa ndani hathubutu kutengeneza asije akaambiwa amejimilikisha. Aliye mbali hatumi fedha kwa nyumba asiyojua fungu lake. Kila mmoja anangoja, na boriti hazingoji.

Njia iko wazi ingawa ni ndefu. Familia hukutana na kuandika muhtasari wa kikao unaomtaja anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo hupelekwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo inayoteua. Warithi walio nje huandika ridhaa zao. Msimamizi akishateuliwa hawi mmiliki. Anasimamia kwa niaba ya wote na hutoa hesabu mahakamani. Bila hatua hii, mkataba wowote wa kukodisha au kuuza nyumba ya urithi unaweza kutenguliwa, na mwekezaji makini hatautia saini. Asiye makini atautia, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Mpango unaotumika mara nyingi ni huu: mwekezaji anaikarabati nyumba kwa fedha zake, anaitumia kuwa malazi kwa miaka kadhaa kwa pango dogo au bila pango, kisha nyumba hurudi kwa familia ikiwa nzima. Ni mpango mzuri ikiwa hesabu yake ni ya haki. Tuseme, kwa mfano tu, ukarabati unagharimu shilingi milioni 60, na pango linalostahili baada ya kutengenezwa ni shilingi laki tano kwa mwezi. Hiyo ni milioni sita kwa mwaka, na gharama yote hurudi kwa miaka 10. Mwekezaji ana haki ya faida na ya kufidiwa kwa kujitia hatarini, kwa hiyo miaka 12 au 15 inaeleweka. Akiomba miaka 33 bila pango, aeleze kwa karatasi miaka iliyobaki ni ya nini. Familia isione haya kumwita mthamini na kuomba mkataba usomwe na mwanasheria kabla ya siku ya saini.

Mkataba useme wazi kwamba chokaa itatumika na si saruji, kwamba milango na nakshi hazitaondolewa, kwamba nyumba itakaguliwa kila mwaka, na kwamba mpangaji hatampangisha mwingine bila idhini. Iwapo nyumba ina hati, mkataba wa muda mrefu usajiliwe katika ofisi ya ardhi. Inafaa pia kukumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Mgeni anayenunua nyumba kwa jina la rafiki mwenyeji humweka rafiki huyo katika shida ambayo urafiki hautaitatua.

Kuanza kwa vyumba viwili

Si lazima kungoja mwekezaji. Nyumba ambayo paa lake ni zima inaweza kuanza na vyumba viwili vya mbele, choo kisafi, maji ya uhakika, kitanda, chandarua na mlango unaofungika. Chakula ni sehemu ya malazi: mgeni aliyekula wali wa nazi na samaki wa kupaka nyumbani, akaamshwa na harufu ya vitumbua, huwa amepata alichokifuata. Jirani mwenye mashua humpeleka mtoni wakati wa machweo au Maziwe kwa kufuata maji. Kijana aliyesoma historia ya mji humtembeza, na amweleze kwa ukweli habari za utumwa pamoja na za majumba. Kwa njia hiyo fedha ya mgeni mmoja hugawanyika katika nyumba nne au tano za mtaa mmoja.

Majirani nao wana haki zao. Mgeni aelezwe siku ya kwanza, kwa upole, kwamba mtaani huvaa nguo za heshima, kwamba watu hawapigwi picha bila ruhusa, na kwamba katika mwezi wa Ramadhani mchana hakuliwi barazani. Baraza yenyewe isizungushiwe kamba wala kuwekewa bango la kuwafukuza wazee waliozoea kukaa hapo. Inapotokea kutoelewana, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa na mtendaji wa kata ndio wa kwanza kusikiliza.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza atayarishe mapema picha za nyumba ndani na nje, mchoro wake hata wa mkono, nyaraka za umiliki au za mirathi, na maelezo ya kazi anayotaka kufanya. Aanzie kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi za ardhi, utamaduni na biashara za Halmashauri. Kazi ya paa ipangwe kati ya Juni na Septemba, mvua za masika zikiwa zimekwisha na kabla ya vuli. Chokaa hukauka polepole na huharibiwa na mvua ya ghafla, hivyo huagizwa na kulazwa miezi kadhaa kabla ya fundi kuanza. Nyumba ambayo dari yake imepinda au ukuta wake umetoka nje ya mstari haingoji ratiba hiyo: wakazi wake wahame chumba hicho leo, dari itegemezwe kwa nguzo za mbao, na taarifa ifikishwe kwa mhandisi wa Halmashauri.